Je, Wajua? Maji Yana Chapa, na Kuna Chombo cha Kuisoma

Je, wajua kwamba maji nayo hutembea na chapa kama ngamia? Mfugaji wa Garissa akikuta ngamia mgeni kwenye kundi lake hutazama alama iliyochomwa mwilini, akajua papo hapo ni wa ukoo gani na ametoka upande upi. Tone la maji nalo lina alama zake: lilinyesha wapi, lilikaa juani muda gani, liliingia ardhini zama zipi. Ila chapa hiyo haionekani kwa macho. Husomwa kwa chombo, na safu hii ya leo ni ya vyombo hivyo, watu waliovibuni, na maji ya Kaskazini Mashariki.

Je, wajua kwamba mbinu hii ya chapa ilijaribiwa mapema sana kwenye meza ya chakula? Mwaka 1911 kijana kutoka Hungaria, George de Hevesy, alikuwa akifanya kazi Manchester chini ya Ernest Rutherford na kulala kwenye nyumba ya kupanga yenye chakula. Alishuku kwamba mabaki ya nyama ya Jumapili yalikuwa yakirudi mezani siku za katikati ya wiki. Mama mwenye nyumba akakana. Basi Hevesy akanyunyizia mabaki hayo chembe za dutu yenye mnururisho, na siku chache baadaye akaja na chombo mezani. Chakula “kipya” kikaonyesha mnururisho. Mwaka 1923 alitumia ujanja uleule, safari hii kwa risasi yenye mnururisho, kuona jinsi mmea wa maharagwe unavyofyonza madini, na kazi hiyo ikamletea Nobeli ya Kemia ya mwaka 1943. Jinsi alivyoendelea kuishi na yule mama ni habari nyingine.

Hevesy huyohuyo, Wanazi walipoingia Copenhagen mwaka 1940, aliyeyusha medali za dhahabu za Nobeli za Max von Laue na James Franck ndani ya mchanganyiko wa asidi na kuziacha kwenye rafu ya maabara. Askari walipekua jengo zima na hawakuuangalia mtungi ule. Baada ya vita dhahabu ilitolewa tena kwenye asidi na medali zikatengenezwa upya.

Je, wajua nani aliyeunda pua kali kuliko zote katika kazi hii? Ni James Lovelock, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 26 Julai 1919 mjini Letchworth na kufariki tarehe 26 Julai 2022, siku aliyotimiza miaka 103. Wengi wanamjua kwa nadharia ya Gaia, inayoichukulia dunia kama kiumbe kinachojirekebisha. Jina hilo la Gaia alipewa na jirani yake, mwandishi wa riwaya William Golding. Mimi naona kazi yake ya mikono ilizidi nadharia yake. Mtu anaweza kuibishia Gaia mpaka usiku wa manane. Kigunduzi chake hakibishiki, kwa sababu kila mwenye nacho hupata jibu lilelile.

Kigunduzi chenyewe alikiunda mwaka 1957 katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, Mill Hill, London. Kwenye jengo hilohilo alikuwamo Archer Martin, mmoja wa waasisi wa kromatografia ya gesi, yaani njia ya kupitisha mchanganyiko wa gesi kwenye bomba refu jembamba ili kila kemikali itoke kwa wakati wake. Bomba liliweza kuzitenganisha kemikali, lakini mwishoni mwake palihitajika kitu cha kuzitambua hata zikiwa chache mno. Lovelock alikuwa na sampuli ndogo za mafuta yatokayo kwenye chembe hai, na wenzake wakamwambia achague: alete sampuli kubwa zaidi, au aunde kigunduzi kikali zaidi. Akachagua la pili.

Kinafanyaje kazi? Ndani ya kichumba kisichozidi kidole gumba mna kipande cha metali chenye mnururisho, siku hizi mara nyingi nikeli-63, kinachotoa elektroni bila kukoma. Gesi tulivu kama nitrojeni hupita humo, elektroni zikaogelea hadi kwenye waya, mkondo mdogo wa umeme ukawa unapita kwa utaratibu. Ikija molekuli yenye uchu wa elektroni, hasa yenye klorini au florini, huzinyakua. Mkondo unashuka, sindano inacheza, na mtu aliyeketi mbele ya mashine anajua mgeni amepita. Kinachopimwa hapo ni pengo kwenye mkondo wa umeme. Kigunduzi hicho huona molekuli moja iliyojificha kati ya molekuli trilioni moja za hewa, na hata chini ya hapo.

Lovelock alipenda kueleza hivi: ukimwaga lita moja ya kemikali adimu ya florini juu ya blanketi huko Japani na kuiacha ikauke, baada ya wiki chache yeye angeinusa akiwa nyumbani kwake Devon.

Hakutajirika kwa kifaa hicho. Hati miliki iliishia mikononi mwa serikali ya Marekani.

Kuanzia mwaka 1964 aliacha ajira na kuwa mwanasayansi wa kujitegemea, maabara ikiwa nyumbani kwake, kwanza katika kijiji cha Bowerchalke, kisha Coombe Mill kwenye mpaka wa Devon na Cornwall. Wakati wa ajira yake pale Mill Hill alikuwa ameshawahi kuwarudishia uhai panya wadogo waitwao hamsta, waliogandishwa kwa baridi, akiwapasha kwa mawimbi ya mikrowevu. Alitia na kiazi kwenye mashine ileile, kikaiva. Hili halihusiani sana na maji ya Garissa, lakini safu ya namna hii ikimkosa hamsta aliyefufuka haijakamilika.

Je, wajua kwamba ugunduzi wake mkubwa ulianza na ukungu wa kijijini? Pale Bowerchalke Lovelock alisumbuliwa na swali: ukungu unaofunika mashamba wakati wa kiangazi ni wa asili, au ni moshi wa miji na viwanda? Alihitaji kitu kinachotoka kwa binadamu peke yake, kisicho na chanzo kingine duniani. Akachagua gesi za CFC, zile zilizotiwa kwenye majokofu na makopo ya kupuliza dawa. Penye ukungu mzito alikuta CFC nyingi. Jambo lililomshangaza zaidi ni kwamba hata upepo safi uliotoka Atlantiki hadi Adrigole, kusini-magharibi mwa Ireland, ulikuwa nazo kidogo.

Akataka kujua zimeenea kiasi gani. Aliomba fedha za utafiti, ombi likakataliwa. Mmoja wa waliolipitia hakuamini kwamba kipimo kidogo namna hiyo kinawezekana. Hata hivyo alipewa nafasi melini. Mwishoni mwa 1971 alipanda meli ya utafiti Shackleton iliyokuwa ikielekea Antaktika, na chombo alichokiunda mwenyewe. Yeye alishukia Montevideo, mwenzake akaendelea kupima kusini zaidi. Kila sampuli ya hewa, kaskazini na kusini mwa ikweta, ilikuwa na CFC-11. Makala yao ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1973, na ndani yake Lovelock aliandika kwamba gesi hizo hazina hatari yoyote inayoweza kufikirika.

Mwaka uliofuata, 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba CFC zikifika juu kabisa hupasuliwa na miale ya jua, klorini yake ikaila ozoni. Nobeli ya Kemia ya mwaka 1995 ilikwenda kwao na kwa Paul Crutzen. Lovelock hakuwamo. Mwenye macho alikuwa wa kwanza kuona, lakini akasema hakuna neno.

Je, wajua kwamba kesi hiyo ya ozoni ina ofisi yake Kenya? Mkataba wa Montreal ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, wakati Mmisri Mostafa Tolba akiongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Gigiri, Nairobi. Sekretarieti ya Ozoni iko palepale mpaka leo. Na gesi zilizochukua nafasi ya CFC zilipoonekana kuongeza joto duniani, marekebisho ya mkataba yalikubaliwa Kigali mwaka 2016. Kwa hiyo gesi ya friji inayopoza soda dukani Garissa, joto likiwa nyuzi 36, inatawaliwa na karatasi zilizopita kwa majirani zetu wa Gigiri na Kigali.

Sasa tushuke ardhini.

Je, wajua kwamba mji wa Garissa hupata takriban milimita 300 tu za mvua kwa mwaka, ilhali jua lina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000? Mto Tana ndio unaouokoa mji. Ukishaondoka kando ya mto, maisha yanategemea bwawa la kuchimbwa, ambalo wenyeji huliita waro, laga zinazopitisha maji siku chache kwa mwaka, na visima virefu vya jenereta.

Wamarekani wawili, Swarzenski na Mundorff, wa idara ya jiolojia ya nchi yao, walitoa ripoti mwaka 1977 kuhusu maji ya chini katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ukiisoma unaelewa kwa nini watu wa huku huonja kwanza maji ya kisima kipya ndipo washangilie: sehemu kubwa ya maji ya chini ni ya chumvi. Maji matamu yamejipanga kwenye ukanda, hasa kufuata Lagh Dera, katika mchanga wa kale unaoitwa tabaka la Merti.

Tabaka hilo limepata jina kutoka Merti, Isiolo. Linapita Habaswein na Dadaab hadi Liboi, likavuka mpaka na kuingia Somalia bila kuonyesha pasipoti. Juu yake mto Ewaso Ng'iro hufia kwenye kinamasi cha Lorian, na mafuriko makubwa peke yake ndiyo husukuma maji mbele kwenye Lagh Dera. Maji matamu yamekaa katikati, yakizungukwa na ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inasogea.

Na waliovuta ni wengi. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 zikikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, njaa ilipopiga Somalia, Ifo, Dagahaley, Hagadera na nyongeza zake zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Wote, pamoja na wenyeji na mifugo yao, walikunywa kutoka tabaka hilohilo la Merti. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, kwa kushirikiana na shirika la wakimbizi UNHCR, kiliingia kupima viwango vya maji na chumvi kwenye visima vya Dadaab, na kutengeneza hesabu za kompyuta za jinsi utando ule wa maji matamu unavyoishi katikati ya chumvi.

Swali la Merti ni rahisi kulitamka: maji haya yanajazwa upya na mafuriko ya Ewaso Ng'iro, au ni akiba ya zamani, ya enzi kati ya miaka 11,000 na 5,000 iliyopita ambapo Sahara ilikuwa na maziwa na Afrika Mashariki ilinyeshewa zaidi ya sasa? Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni tofauti kati ya mshahara na urithi. Kwa kutazama bomba huwezi kujua, maana maji ya mwaka jana na maji ya zama za mababu wa mababu hutoka yote ni meupe, yote yana ujotojoto, na punda huyavuta kwenye mkokoteni kwa bei moja.

Hapo ndipo chapa zinaingia.

Je, wajua kwamba majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliacha tarehe kwenye mvua? Mabomu ya haidrojeni ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yalimwaga angani tritiamu, haidrojeni nzito yenye mnururisho. Kilele chake kilikuwa mwaka 1963, mwaka uliotiwa saini mkataba wa kuzuia majaribio hewani. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3. Maji ya kisima yakiwa nayo, kuna mvua ya baada ya 1950 iliyoingia humo. Yakikosa, ni ya zamani zaidi. Kipimo chake kinatia kizunguzungu: yuniti moja ni atomu moja ya tritiamu kwa atomu bilioni bilioni moja za haidrojeni. Kwa bahati mbaya kwa wanasayansi, na bahati njema kwa sisi wengine, ukanda wa ikweta ulipata tritiamu kidogo kuliko kaskazini, kwa hiyo chapa hii huku kwetu ni hafifu na inafifia kila mwaka.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na lile la hali ya hewa duniani walianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kukusanya mvua kila mwezi kutoka vituo vya dunia nzima ili kupima alama hizi. Entebbe na Dar es Salaam ni kati ya vituo vya awali kabisa. Mtu aliyekuwa akimimina mvua ya Entebbe kwenye chupa kila mwezi huenda alijiona anafanya kazi ya kuchosha. Leo rekodi yake haina mbadala.

Kwa maji ya kale zaidi kuna kaboni-14, aliyoivumbulia matumizi Willard Libby, Nobeli ya 1960. Hupungua nusu kila miaka 5,730, na hufaa hadi miaka kama 40,000. Zamani mpimaji alilazimika kuchota makumi ya lita za maji, kuyatia kemikali kwenye pipa porini na kusubiri unga mweupe utuame chini. Tangu mwaka 1977 kuna mashine inayohesabu atomu moja moja badala ya kusubiri zipasuke, na chupa moja ya maji inatosha. Ukifikiria barabara ya Liboi wakati wa mvua, utajua nani aliyeshukuru zaidi.

Je, wajua kwamba hata jua huacha chapa? Mwaka 1931 Harold Urey aligundua haidrojeni nzito isiyo na mnururisho. Oksijeni nayo ina ndugu yake mzito, oksijeni-18. Jua likichoma waro, molekuli nyepesi huruka kwanza na nzito hubaki, hivyo bwawa lililokaa miezi mitatu juani lina uzito wa atomu tofauti na mvua iliyolijaza. Mwaka 1961 Harmon Craig alionyesha kwamba mvua za dunia nzima hufuata mstari mmoja kwenye grafu ya atomu hizo mbili. Maji yaliyokaushwa na jua hutoka nje ya mstari. Kwa ujanja huo maji ya Ziwa Naivasha yametambuliwa kwenye visima vilivyo kusini mwake, na ikaeleweka kwa nini ziwa lisilo na mto wa kutokea halijawa la magadi: linavuja chini kwa chini. Kipimo hicho hufanywa kwa spektromita ya masi, ambayo umbo lake la kutumika kila siku tunamshukuru Alfred Nier wa Minnesota, mwaka 1940. Sasa ipo pia mashine ya leza ndogo kiasi cha kuwekwa juu ya meza.

Ziwa Chala, lililo kwenye mpaka wetu na Tanzania chini ya Kilimanjaro, lilitiwa chapa makusudi. Miaka ya 1960 wataalamu wa nguvu za atomiki walimwaga tritiamu ziwani ili kujua kama chemchemi za chini yake hunywa kutoka humo. Bryan Payne alichapisha jibu mwaka 1970: maji ya ziwa ni sehemu ndogo tu ya chemchemi hizo. Leo jaribio kama hilo lingekutana na maandamano. KenGen kule Olkaria, ili kujua maji wanayoyarudisha ardhini yanatokea kisima gani cha mvuke, wametumia rangi ya fluoresini. Rangi hiyohiyo ndiyo iliyomwagwa kwenye mto Danube mwaka 1877, pale maji yake yanapozama ardhini Ujerumani, na baada ya saa kama 60 chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita 12, ikageuka kijani.

Na Lovelock? Amerudi. CFC zake zilianza kuongezeka hewani kuanzia miaka ya 1930 na 1940, zikapanda mwaka hadi mwaka. Mvua inayoingia ardhini hubeba kiasi kidogo cha hewa ya siku hiyo. Kwa hiyo ukipima CFC kwenye maji ya kisima, unasoma mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eurybiades Busenberg na Niel Plummer, wa idara ileile ya jiolojia ya Marekani iliyotoa ripoti ya Kaskazini Mashariki, waliigeuza hoja hiyo kuwa njia ya kazi ya kila siku. Mashine wanayoitumia ina kigunduzi cha Lovelock mwishoni mwake.

Kuchukua sampuli yake ni kazi ya subira. Kwanza jenereta hunguruma hadi maji yaliyolala ndani ya bomba yatoke yote, na kipima chumvi kitulie kwenye namba moja. Kisha chupa ya kioo hutumbukizwa ndani ya ndoo, mrija wa metali au nailoni ngumu ukafika chini kabisa ya chupa. Maji hujaa kutoka chini, yakamwagika juu ya shingo, yakajaza ndoo yote. Kifuniko chenye utando wa metali ndani yake hufungwa chini ya maji, chupa ikageuzwa juu chini na kutikiswa. Kikionekana kiputo kimoja, mwaga, anza upya. Mpira wa kawaida wa plastiki haufai, na mtu aliyejipulizia dawa ya mbu ya zamani ya kopo asisogee. Kiputo hicho kimoja cha hewa ya leo kinatosha kuyafanya maji ya kale yaonekane yamenyesha juzi.

Kwenye kisima chenye kina cha mita 150 huenda mashine isione CFC hata chembe. Sifuri hiyo nayo ni jibu: maji haya yaliingia ardhini kabla ya friji.

Je, wajua kwamba matope ya Tana nayo yana saa? Hapa nitakaa kidogo, maana kazi hii ilifanywa na Mkenya, Fredrick Tamooh, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Walichota maji ya Tana kutoka vijito vya milimani hadi tambarare za chini, mara tatu: Februari 2008, Septemba hadi Novemba 2009, na Juni hadi Julai 2010. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Lita moja ya maji ilikuwa na kati ya miligramu 0.6 na miligramu 7,058 za udongo. Piga hesabu ya kiwango hicho cha juu kwa mtungi wa lita 20: ni zaidi ya gramu 140 za udongo.

Udongo huo unatoka wapi? Wengi wangesema milimani, kwa wakulima wa Mlima Kenya na Aberdare. Vipimo vilisema vingine. Matope yaliongezeka chini ya mwinuko wa mita 1,000, yaani baada ya mto kupita mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hunasa udongo wa juu. Ule unaopita chini ya daraja la Garissa, kwa sehemu kubwa, ni wa nyanda za kati na za chini.

Kujua umri wa matope walitumia chapa mbili zinazoshuka na mvua: beriliamu-7, inayozaliwa angani kwa miale kutoka anga za juu na kupungua nusu kila siku 53, na risasi-210, inayopungua nusu kila miaka 22 hivi. Udongo ulionyeshewa juzi una beriliamu nyingi ukilinganisha na risasi. Uliokaa chini ya mto miezi mingi umebaki na risasi. Mvua zilipokuwa zikinyesha, matope mengi yalikuwa machanga. Mvua zilipokwisha, inaelekea mto ulikuwa ukibomoa kingo zake na kuchimbua matope yake wenyewe ya zamani. Mkulima wa ndizi ambaye shamba lake limemegwa na mto anajua hilo bila beriliamu, lakini beriliamu inaingia kwenye ripoti ya serikali.

Wajir kuna shida ya aina nyingine. Maji ya mji yapo mita chache tu chini ya mawe ya chokaa. Hadithi husema Malkia wa Sheba alinyweshea ngamia wake kwenye visima vya Orahey. Kwa kuwa maji yako karibu, vyoo vya shimo huyachafua, na ndiyo sababu mji uliishi na vyoo vya ndoo kwa miaka mingi. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa watoto wachanga, na kwa kupima nitrojeni-15 maabara hutenganisha naitreti ya choo na zizi na ile ya udongo wenyewe.

Mwaka 2013 ulimwengu uliambiwa kwamba Turkana kuna bahari ya maji chini ya Lotikipi, yaliyoonekana kwa msaada wa setilaiti. Visima vilipochimbwa na kupimwa, chumvi ilikuwa imezidi. Setilaiti haionji.

Je, wajua kwamba vigunduzi vya ukoo huu vilimfumania mwizi wa ozoni? Mwaka 2018 Stephen Montzka na wenzake waliripoti kwamba CFC-11 haikuwa ikipungua hewani kwa kasi iliyotarajiwa. Mtu fulani alikuwa akiitengeneza upya, kinyume cha mkataba. Mwaka 2019 vituo vya Korea na Japani vikaelekeza kidole mashariki mwa China, hasa Shandong na Hebei. Utoaji ukashuka baadaye.

Lakini saa ya CFC sasa imeanza kuchanganya watu, na waliosababisha ni wale walioitii Montreal. CFC-11 ilifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1990, CFC-12 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na zote zinashuka. Kipimo cha CFC-11 cha hewa ya mwaka 2023 kinakaribia kile cha katikati ya miaka ya 1980, kwa hiyo maji ya mvua ya El Niño iliyokata barabara ya Madogo mwaka huo yanaweza kusomeka kama ya siku za utawala wa Moi. Maabara zimegeukia gesi nyingine inayoonekana kwa kigunduzi kilekile, SF6, ileile ambayo kilo 139 zake zilimwagwa ndani ya Atlantiki mwaka 1992 kupima jinsi bahari inavyojichanganya. SF6 hutumika kuzima cheche kwenye swichi za umeme wa volti nyingi, huvuja kidogo kidogo, na bado inapanda kila mwaka.